Usitupe Tochi Iliyokufa

Mkulima, kabla hujasoma zaidi, inuka uende ukatazame juu ya kabati, au katika kile kikapu kilichoko nyuma ya mlango. Bila shaka utaona humo tochi mbili tatu zisizowaka, taa ya jua ambayo watoto walikuwa wakiisomea zamani kidogo, redio isiyosema tena, na labda chaja ya simu. Vitu hivyo huvitumii, wala hukuvitupa, kwa sababu ulivinunua kwa jasho lako na moyo wakataa kuvitia jalalani.

Si wewe peke yako. Mwaka wa 2018 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Jamie Cross na Declan Murray, waliandika habari za taa za jua zilizoharibika hapa Kenya, nao walieleza jinsi watu wanavyoziweka nyumbani wakingoja siku zitakapotengenezwa. Siku hiyo mara nyingi haifiki. Twataka ifike kwako mwezi huu, maana katika kikapu hicho mna taa ya banda la kuku, na pengine mna taa ya kulinda mbuzi usiku, nawe hujui.

Jambo la kufahamu ni hili. Tochi ya bei rahisi ikifa, haifi yote. Kilichokufa kwa kawaida ni betri, au swichi, au waya mmoja uliokatika. Vile vitaa vidogo vyeupe viitwavyo LED havina uzi wa kuungua kama balbu ya zamani, na vikitumiwa kwa kiasi vyaweza kuwaka kwa maelfu ya saa. Kile kioo cheusi cha kunasa jua nacho hudumu miaka mingi, kama hakikupasuka wala maji hayakuingia nyuma yake. Lakini betri ndogo ya asidi ya volti 4, iliyomo katika tochi nyingi za kuchaji, huharibika upesi ikiachwa tupu, na huo ndio mtindo wetu sote: tochi yaisha nguvu, twaiweka, twaisahau. Kuitupa tochi nzima kwa ajili ya betri ni sawa na kumchinja ng'ombe kwa sababu kamba yake imekatika.

KIJANA WA KITENGELA

Pengine utasema kwamba kazi hii ni ya mafundi waliosoma sana. Nitakujibu kwa habari ya jirani zetu. Ukisimama Lukenya ukatazame magharibi, ng'ambo ya Athi River utaona nchi ya Kitengela, inayopakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Upande wa kusini wa mbuga hiyo hauna ua, na usiku simba huvuka wakala ng'ombe za watu.

Huko aliishi mtoto wa Kimasai, jina lake Richard Turere, naye alipewa kazi ya kulinda ng'ombe za baba yake. Kwanza alijaribu kuwasha moto, akaona kwamba moto unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliiona wakarudi; usiku wa pili wakatambua kwamba mtu huyu hasogei, wakaingia wakaua. Halafu usiku mmoja alizunguka zizi akiwa na tochi mkononi, na usiku huo simba hawakuja. Hapo akajua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea.

Mtoto huyo alikuwa na tabia ambayo wazazi wengi wataitambua: alikuwa amefungua redio mpya ya mama yake ili ajue yaliyomo ndani, naye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mama alivyokasirika. Lakini ujuzi alioupata kwa kufunguafungua vitu ndio uliomfaa. Alitwaa betri kuukuu ya gari, kisanduku cha indiketa ya pikipiki, swichi, balbu kutoka tochi zilizovunjika, na kioo cha jua. Akazipanga taa zikitazama nje ya zizi, zikawa zaonekana kana kwamba mtu anazunguka na tochi usiku kucha. Alikuwa na umri wa miaka 11 hivi. Mwaka wa 2013, akiwa na miaka 13, alisimama mbele ya mkutano wa TED kule Long Beach, Marekani, akaeleza kazi yake. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwawekea na majirani.

Kisa ni kizuri, lakini mkulima hashibi kisa, ataka kujua kama kitu chafanya kazi. Basi mwaka wa 2018 matokeo ya uchunguzi yalichapishwa katika jarida la sayansi liitwalo PLOS ONE. Wachunguzi walitazama habari za miaka 10, tangu 2007 hata 2016, wakawahoji wenye mazizi 43 yenye taa hizo na wenye mazizi 37 yasiyo nazo, wakalinganisha na hesabu za Shirika la Wanyamapori. Mazizi yenye taa yalishambuliwa mara chache zaidi. Lakini soma na hili pia: simba walikwenda mbali zaidi na mbuga, penye mazizi ambayo bado yalikuwa gizani, na mifugo walioliwa mchana wakaongezeka. Mnyama naye hutumia akili. Taa hulinda usiku; mchana mchungaji sharti awe macho.

JAMBO LA KUOGOPA

Sasa nakuomba usome sehemu hii mara mbili, na kama una kijana nyumbani apendaye kufungua vitu, mwite aisome mbele yako.

Tochi nyingi za bei rahisi zina meno mawili ya kuchomeka katika soketi ya stima. Watu hudhani kwamba ndani mna transfoma ya kupunguza nguvu, kama ilivyo katika redio kubwa. Katika nyingi hamna. Ndani mna kapasita moja, dayodi chache, basi. Maana yake ni kwamba tochi hiyo ikiwa imechomekwa, kila kipande cha chuma kilichomo ndani yake, pamoja na miguu ya betri na miguu ya vitaa, kimeungana moja kwa moja na stima ya volti 240. Ganda la plastiki peke yake ndilo linalokutenga na mauti. Mtu akilifungua ganda hilo, akatoa waya mpaka banda la kuku, halafu akachomeka tochi ili ichaji, ameipeleka stima ya nyumba bandani. Ye yote atakayeugusa waya huo akiwa peku juu ya udongo wenye maji aweza kufa pale pale.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla ya kutoa hata kitaa kimoja, ni kukata nyaya zinazotoka katika yale meno mawili, na kuyang'oa meno yenyewe. Usiseme utayakata baadaye. Halafu usikiguse kile kapasita kwa vidole, maana chaweza kubaki na nguvu hata kama tochi haijachomekwa. Unganisha miguu yake miwili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki.

Jambo la pili ni betri za simu na zile betri bapa au za mviringo za lithiamu zilizomo katika taa mpya za jua. Betri hizo zina nguvu nyingi, nazo zina hasira. Ikitobolewa, au ikichajiwa kupita kiasi, au ikifungwa moja kwa moja na kioo cha jua bila kile kibao chake cha kuchajia, yaweza kushika moto ambao maji ya ndoo hayauzimi upesi. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichezee. Mimi katika kazi ninayoieleza hapa sitaitumia hata moja. Nitatumia betri ya asidi ya pikipiki, ambayo kila fundi wa Masii, Tala au Matuu aijua.

KUUNGA TAA YA BANDA

Fungua tochi uliyoikata meno. Utaona kibao chenye vitaa 6, au 9, au zaidi. Kama una chuma cha kulehemu, vitoe kimoja kimoja, lakini usikae na moto juu ya mguu wa kitaa zaidi ya sekunde tatu, maana joto hukiua. Kama huna chuma, mpelekee fundi wa redio. Ni kazi ya dakika chache kwake. Wakamba ni watu wa kazi za mikono tangu zamani, babu zetu walifua mikufu myembamba ya shaba ambayo hata leo watu huitazama kwa mshangao, kwa hiyo sioni kwa nini mjukuu ashindwe na waya.

Kisha kijaribu kila kitaa kwa makaa mawili mapya ya tochi yaliyofuatana, yaani volti 3. Kitaa kina upande wa chanya na upande wa hasi. Kikiwa kipya mguu mrefu ndio chanya. Miguu ikiwa imekatwa, tazama ukingo wa chini wa kitaa, mahali palipo bapa kidogo ndipo hasi. Kisipowaka, kigeuze. Kisipowaka hata ukikigeuza, hicho kimekufa kweli.

Kitaa cheupe hutaka kama volti 3 tu. Betri ya pikipiki ni ya volti 12. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Nilifikiri kwamba nne mara tatu ni kumi na mbili, nikafunga vitaa vinne kwa mfululizo, bila kitu kingine, nikavifunga na betri. Viliwaka vizuri usiku kucha, nikajisifu. Asubuhi sikuvizima. Kufika saa nne kioo cha jua kilikuwa kinajaza betri, na betri inayojazwa hupanda mpaka volti 14 na zaidi. Nilipokuja kutazama, mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya samawati, na jioni ile vitaa viwili havikuwaka tena.

Njia iliyo sawa ni vitaa vitatu kwa mfululizo, chanya cha kimoja kwa hasi ya kingine, pamoja na rizista moja ya omu 270. Rizista hiyo utaijua kwa mistari yake: nyekundu, zambarau, kahawia. Bei yake ni shilingi chache, tena ukitafuta vizuri utaipata ndani ya ile redio isiyosema. Kazi yake ni kama ya bomba jembamba katika mfereji: yazuia maji yasije mengi kwa mara moja. Mfululizo mmoja wa vitaa vitatu huuita uzi mmoja. Ukitaka mwanga zaidi, usiongeze vitaa katika uzi ule, bali unga uzi wa pili wenye rizista yake, na wa tatu, kila mmoja ukitoka kwenye betri.

Karibu na mguu wa chanya wa betri, kabla ya kitu cho chote, weka fyuzi ndogo ya amp 1. Betri ya pikipiki hata ikiwa kuukuu ina nguvu ya kuuchoma waya mwembamba mpaka uwe mwekundu, na banda la kuku lina majani makavu. Mtu asiyeweka fyuzi heri abaki na chemli yake.

Betri ambayo haiwezi tena kuamsha pikipiki yafaa kwa kazi hii. Tufanye hesabu. Nyuzi tatu, yaani vitaa 9, hula kama amp 0.04. Zikiwaka saa 3 zimekula 0.12. Betri iliyokuwa ya 5, hata kama imechakaa ikabaki na nusu, itakupa majuma mawili bila kuonja jua. Kwa kujaza, ukiwa na vioo vitatu vya volti 6 vilivyo sawa kwa ukubwa, kutoka taa za jua zilizokufa, vifunge kwa mfululizo, vitatosha. Kati ya vioo na betri tia dayodi moja, mstari wake mweupe ukielekea betri, ili usiku nguvu isirudi ikatoka. Ukiweza kununua kontrola ya sola, ni bora zaidi.

KUKU NA SAA ZA MWANGA

Hapa Machakos mchana una saa 12 karibu mwaka mzima. Kuku anayetaga hutaga vizuri zaidi akipata mwanga wa saa 14 mpaka 16 kwa siku, kwa sababu ni mwanga unaoamsha kazi ya mayai mwilini. Saa hizo zilizopungua ndizo utakazompa kwa taa yako.

Mpe asubuhi, si jioni. Washa kama saa tisa na nusu usiku, au saa kumi, mpaka kupambazuke. Ukiwasha jioni halafu ukazima ghafula, kuku watakutwa chini, hawaoni pa kulala, watarundikana pembeni. Asubuhi jua lenyewe litapokea kazi. Lakini jambo hili halifai kwa mitemba. Kuku mchanga akisukumwa kwa mwanga kabla ya majuma 18 au 20 huanza kutaga mwili haujakomaa, na wengine hutoka kizazi.

Utajuaje kama mwanga watosha? Chukua gazeti hili, chuchumaa karibu na chombo cha chakula, ujaribu kusoma. Ukiweza kusoma bila kukaza macho, yatosha. Ukishindwa, ongeza uzi mmoja. Tena ukumbuke kwamba kuku aliyeamshwa saa kumi atataka chakula na maji saa kumi. Mwanga bila chakula ni kumchosha bure.

Wapo waliotaka kutumia vitaa hivi kwa vifaranga. Haifai. Vitaa vya LED havitoi joto la maana. Kifaranga chini yake ataona vizuri huku akifa kwa baridi.

ZIZI LA MBUZI

Katika skimu nyumba zetu hazikukaribiana. Kila mtu yuko juu ya shamba lake, na zizi liko peke yake. Wazee waliohamia Makueni katika miaka ya 1940, wakati Makueni ilipokuwa bado ndani ya Wilaya ya Machakos, wangeweza kukusimulia habari za usiku wa namna hiyo. Mtu akipiga kelele kwa ajili ya fisi, mpaka jirani afike fisi amekwisha kula na kwenda.

Kwa zizi, nyuzi ni zile zile, ila sasa twataka ziwake na kuzima. Kisanduku cha indiketa cha pikipiki ndicho kinachofanya kazi hiyo, lakini angalia: vile vya kizamani hungoja balbu kubwa. Ukivifunga na LED peke yake huwaka tu bila kupepesa, kwa sababu mzigo ni mwepesi mno. Wala usitatue jambo hilo kwa kutia balbu ya pikipiki, maana balbu moja ya wati 10, hata ikipepesa, itamaliza karibu betri nzima kwa usiku mmoja. Mwambie mwuza vipuli kwamba wataka kisanduku cha taa za LED.

Weka uzi mmoja kila pembe ya zizi, ukitazama nje, kwa kimo cha kiuno cha mtu. Kila baada ya siku chache badilisha mahali pa taa mbili, wanyama wasizoee. Uchunguzi niliokutajia ulikuwa wa simba. Kwa fisi, ua imara ndio ulinzi wako wa kwanza, na taa ni msaidizi wake. Pengo la ua lililoachwa wazi taa haitaliziba.

Watu wengine huona kwamba wadudu huja kwenye mwanga mweupe, wakaudhika. Wenye akili huweka karai la maji chini ya taa wakati wa kumbikumbi, na asubuhi kuku hula kiamsha-kinywa bila gharama.

BETRI ZILIZOBAKI

Ukimaliza utakuwa na maganda ya plastiki, na zile betri ndogo za asidi zilizokufa. Maganda si kitu. Betri usizizike shambani wala usizichome, wala usiache watoto wazivunje wapate risasi ya kuvulia samaki, maana risasi ni sumu inayoingia damuni na kudhuru akili ya mtoto, nayo haiondoki katika udongo. Ziweke katika debe lenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na chakula. Wauza betri za magari hupokea betri kuukuu za asidi. Za simu na za lithiamu ziba miguu yake kwa utepe wa plastiki, kila moja mbali na mwenziwe. Nairobi kiko kituo kiitwacho WEEE Centre kinachopokea taka za umeme, na kikundi cha akina mama au cha ushirika chaweza kukusanya za kijiji kizima na kuzipeleka pamoja siku gari la mboga linapokwenda mjini.

Na ile chaja ya simu iliyoko kikapuni, kama kwako pana stima na chaja yenyewe bado nzima, hutoa volti 5: kitaa kimoja na rizista moja ya omu 100, mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia, vitakupa taa ya kitandani kwa mgonjwa au kwa mama mwenye mtoto mchanga. Usiifungue chaja. Kata waya upande wa simu tu, na uijaribu kwanza: ikipata moto mkononi, au ikinuka, itoe kwenye soketi uirudishe debeni.

Kama vitaa vyako havikuwaka, mara tisa katika kumi umegeuza kimoja katika uzi. Anza hapo.